Mafuriko ya mito: Kompyuta zinaliona wingu, je, zinauona Msimbazi?

BARABARA ya Morogoro katika eneo la Jangwani, jijini Dar es Salaam, imekwisha kufungwa kwa sababu ya maji mara nyingi kiasi kwamba kufungwa kwake hakuwashangazi tena wakazi wa jiji hilo. Mvua kubwa ikinyesha alfajiri katika vilima vya Pugu, hazipiti saa nyingi kabla ya mabasi ya mwendokasi kusitisha safari, askari wa usalama barabarani kusimama pande mbili za daraja, na mkazi wa Magomeni mwenye kibarua Kariakoo kuanza kupiga hesabu ya nauli ya kuzunguka.

Mto Msimbazi ni mfupi. Una urefu wa takriban kilomita 36 tu kutoka Kisarawe hadi unapoingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Hata hivyo, ni mito midogo ya aina hiyo, wala si Rufiji au Tana, inayozitia katika mtihani mgumu zaidi kompyuta zinazotumiwa na wanasayansi wa hali ya hewa duniani.

Swali lenyewe ni rahisi kulitamka. Je, kompyuta inayokokotoa tabianchi ya bara zima inaweza kusema maji ya Jangwani yatafika kimo gani katika miaka ya 2060? Miaka ishirini iliyopita jibu la wataalamu lilikuwa hapana. Leo jibu lao ni "kwa kiasi". Ndani ya maneno hayo mawili kuna fedha za madaraja, mitaro na mabwawa, na kuna pia hatima ya maelfu ya kaya zinazoambiwa zihame mabondeni.

Mraba mkubwa, wingu dogo

Modeli ya tabianchi huigawa dunia katika miraba. Kila mraba hupewa tarakimu moja ya joto, moja ya unyevu, moja ya mvua, na kadhalika, kwa kila hatua ya muda. Modeli za dunia nzima ambazo ripoti za Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC) zimeziegemea kwa miaka mingi zimekuwa na miraba yenye upande wa kilomita 100 hivi, nyingine zaidi. Mraba mmoja wa namna hiyo una eneo la kilomita za mraba 10,000. Bonde zima la Msimbazi halifiki kilomita za mraba 300.

Modeli za kanda, ambazo hufanya kazi ndani ya eneo dogo, zimekuwa bora kuliko hizo. Nyingi zina miraba ya kilomita 25 au 50. Lakini hata mraba wa kilomita 25 una eneo la kilomita za mraba 625, na bonde la Msimbazi linatoshea ndani yake mara mbili na nafasi ikabaki.

Ili kuelewa maana ya jambo hili, chukulia mvua ya milimita 100 iliyonyesha kwa saa mbili juu ya eneo la kilomita za mraba 50 kati ya Pugu na Ukonga. Hiyo ni sawa na mita za ujazo milioni tano za maji, na hapana shaka daraja litafungwa. Sasa maji hayo hayo yagawe sawasawa katika mraba wa kilomita za mraba 625. Kompyuta itaandika mvua ya milimita nane. Mvua ya milimita nane hunywewa na ardhi na kusahaulika kabla ya jioni. Kompyuta haikudanganya; kiasi cha maji ni kile kile. Ila mafuriko yamepotea katika wastani.

Kuna kasoro nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Mvua nyingi za ukanda wa tropiki hutokana na hewa yenye joto inayopanda kwa kasi na kujenga mawingu marefu ya ngurumo. Upana wa mnara mmoja wa wingu la aina hiyo ni kilomita chache. Modeli yenye mraba wa kilomita 25 haiwezi kuuona, kwa hiyo waundaji wake hulazimika kuandika kanuni za kukisia ni lini wingu litapanda na litamwaga maji kiasi gani.

Matokeo ya makisio hayo yanajulikana vyema. Kompyuta huwa na mvua nyepesi nyepesi za mara kwa mara, tena nyingi zikiangukia adhuhuri, ilhali mkulima yeyote wa pembezoni mwa Ziwa Victoria anajua kwamba mvua ya radi huja alasiri kuelekea jioni, na kwamba juu ya ziwa lenyewe ngurumo ni za usiku. Modeli inayokosea saa ya mvua na nguvu yake haiwezi kutegemewa kueleza mto utapanda lini.

Ni kasoro hiyo iliyosababisha Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Leeds na washirika wengine, kutengeneza modeli iliyopewa jina la CP4-Africa. Modeli hiyo inafunika bara zima la Afrika kwa miraba ya kilomita 4.5. Katika mraba wa ukubwa huo makisio ya mawingu ya ngurumo huwekwa kando, na wingu huachiwa lipande lenyewe kwa kufuata kanuni za fizikia.

Gharama yake si ndogo. Kila mara upande wa mraba unapopunguzwa kwa nusu, kazi ya kompyuta huongezeka takriban mara nane, kwa kuwa miraba inaongezeka mara nne na hatua za muda nazo lazima zifupishwe kwa nusu. Kutoka kilomita 25 hadi 4.5 ni ongezeko la zaidi ya mara 150. Ndiyo maana CP4-Africa iliendeshwa kwa miaka 10 tu ya hali ya sasa na miaka 10 ya hali inayokadiriwa mwishoni mwa karne hii, iwapo dunia itaendelea kumwaga gesi joto kwa kiwango cha juu kabisa.

Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature Communications na kundi la watafiti lililoongozwa na Elizabeth Kendon, yalionyesha mambo mawili yanayoonekana kupingana. Vipindi vya mvua kali vinaongezeka nguvu kuliko modeli za miraba mikubwa zilivyoonyesha. Wakati huo huo, vipindi vya ukame ndani ya msimu wa mvua navyo vinarefuka. Kwa lugha nyepesi, msimu ule ule unaweza kumuunguzia mkulima mahindi yake mwezi Aprili na kuyasomba yaliyobaki mwezi Mei.

Utafiti mwingine wa mwaka 2016, ulioongozwa na Wim Thiery na kuchapishwa katika jarida hilo hilo, ulitumia modeli yenye mraba wa kilomita saba juu ya Ziwa Victoria. Watafiti hao walihitimisha kwamba mvua kali juu ya ziwa zitaongezeka nguvu takriban mara mbili ya ongezeko la nchi kavu inayolizunguka, na kwamba dhoruba ambayo leo hutokea mara moja kwa miaka 15 inaweza kuwa ya karibu kila mwaka ifikapo mwishoni mwa karne, ikiwa utoaji wa gesi joto hautapunguzwa. Modeli zisizoliona ziwa kama ziwa, na ziko zilizolihesabu kama kiraka tu cha maji, haziwezi kufika huko.

Mvua si mto

Kujua mvua itakayonyesha ni nusu ya safari. Mvua ikishafika ardhini inaingia katika modeli nyingine, ya haidrolojia, inayokokotoa kiasi gani kitazama ardhini, kiasi gani kitarudi angani kama mvuke na kiasi gani kitatiririka hadi mtoni. Kisha ipo ya tatu, inayoyasambaza maji hayo juu ya ramani ya miinuko na kueleza nyumba ipi italowa na ipi itapona. Kosa la modeli ya kwanza hurithiwa na ya pili, na la pili na ya tatu.

Hapa ndipo ukubwa wa bonde unapoleta tofauti. Bonde la Rufiji lina eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Linaenea katika miraba zaidi ya 280 ya kilomita 25. Wingu moja likikosewa Iringa, jingine Mahenge litalipia. Maji huchukua siku nyingi kutoka nyanda za juu hadi Utete, na zaidi ya nusu ya maji hayo huja kupitia Mto Kilombero. Kwa mto wa namna hiyo, hata modeli za kawaida zinaweza kutoa picha inayofaa.

Msimbazi haupewi bahati hiyo. Katika modeli ya kilomita 4.5 bonde lake linachukua miraba 14 hivi. Hayo ni maendeleo makubwa kutoka nusu mraba, lakini wataalamu wa fani hiyo husema kwamba modeli huona vyema kitu kinachoenea katika miraba kadhaa kila upande. Kwa kipimo hicho, bonde la Msimbazi bado liko ukingoni mwa uwezo wa kuona. Nchini Uingereza makadirio ya taifa ya tabianchi yaliyotolewa mwaka 2019 yalikuwa na mraba wa kilomita 2.2, na yaliendeshwa mara 12 ili kupima shaka. Afrika nzima ilipata modeli moja, ya kilomita 4.5, ikaendeshwa mara moja.

Tofauti hiyo ya mara 12 na mara moja haipaswi kupitwa haraka. Modeli ikiendeshwa mara nyingi kwa kubadilisha vigezo kidogo kidogo, mhandisi hupata kujua shaka ni kubwa kiasi gani. Ikiendeshwa mara moja, anapata tarakimu moja iliyovaa suti. Aidha, miaka 10 haitoshi kuhesabu mafuriko yanayotokea mara moja katika miaka 100. Uwezekano wa mafuriko hayo kuonekana ndani ya miaka 10 hauzidi asilimia 10. Watafiti huziba pengo hilo kwa kukusanya pamoja maeneo yanayofanana na kwa kanuni za takwimu, mbinu halali, lakini si sawa na kuwa na karne nzima ya mvua mkononi.

Kwa upande mwingine, mhandisi wa daraja hawezi kungoja. Daraja lililosanifiwa kustahimili mafuriko ya mara moja kwa miaka 100 lina uwezekano wa asilimia 63 hivi wa kukutana nayo walau mara moja ndani ya miaka 100 ya uhai wake, hata kama tabianchi haitabadilika. Ikibadilika, yale ya miaka 100 yanaweza kuwa ya miaka 50 au 30, na kila tarakimu ina bei yake katika nondo na saruji. Fizikia inampa mhandisi huyo mahali pa kuanzia: kila joto linapopanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia saba. Modeli za miraba midogo zinamwambia kwamba kwa dhoruba za saa chache ongezeko linaweza kupita hapo.

Kitendawili cha masika

Afrika Mashariki ina tatizo lake la pekee, ambalo wataalamu wamelipa jina la kitendawili cha tabianchi cha Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 2000, mvua za masika zilionekana kupungua. Modeli nyingi za dunia, kinyume chake, zimekuwa zikitabiri masika yenye mvua nyingi zaidi siku zijazo. Ama modeli zimekosea, ama kupungua kule kulikuwa kwa muda, ama yote mawili yana ukweli ndani yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba msimu ulikuwa umefupika, ukianza kwa kuchelewa na kuisha mapema, na si kwamba mvua ya siku moja moja ilikuwa imepungua nguvu.

Kisha ukaja mfululizo wa miaka ya maji. Mvua za vuli za mwaka 2019 zilichochewa na hali ya Bahari ya Hindi kuwa na joto zaidi upande wa magharibi kuliko mashariki. Mwezi Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilifika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, kikivuka kidogo rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964 iliyofuatia mvua kubwa za 1961 na 1962. Vuli ya 2023 ilipata El Nino na hali ile ile ya Bahari ya Hindi kwa pamoja. Masika ya 2024 yakakamilisha.

Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge mjini Dodoma kwamba mvua na mafuriko ya msimu huo yalikuwa yameua watu 155 na kujeruhi 236 nchini Tanzania, na kwamba watu zaidi ya 200,000 walikuwa wameathirika. Nchini Kenya, idadi ya waliokufa katika msimu huo ilikaribia 300.

Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilichambua misimu yote miwili, na majibu yake yanafaa kusomwa kwa pamoja. Kuhusu vuli ya 2023, lilisema mabadiliko ya tabianchi yaliiongezea mvua hiyo nguvu hadi mara mbili. Kuhusu masika ya 2024, lilikadiria ongezeko la takriban asilimia tano tu, likakiri kuwa shaka ni kubwa, na likaelekeza kidole zaidi kwenye miji inayopanuka bila mipango kuelekea mabondeni. Wapo waliolisoma jibu la pili kama ushindi wa wanaopuuza mabadiliko ya tabianchi. Si hivyo. Ni jibu la waungwana waliokataa kusema zaidi ya kile ambacho vipimo vyao viliwaruhusu.

Na vipimo ndivyo kiini cha tatizo. Modeli yoyote hupimwa kwa kulinganishwa na mvua iliyonyesha kweli na maji yaliyopita kweli mtoni. Barani Afrika vituo vya kupima mvua ni vichache, na vya kupima kina cha mito ni vichache zaidi. Vingi viliwekwa miaka ya 1950 na 1960, na vingine vilisombwa na mafuriko yale yale vilivyotakiwa kuyapima. Setilaiti zinasaidia, ila hukisia mvua kwa kutazama kilele cha wingu. Rada za hali ya hewa zilizofungwa na mamlaka za nchi za kanda hii katika miaka ya karibuni huenda zikafanya zaidi kwa ajili ya modeli za Afrika Mashariki kuliko kompyuta mpya yoyote ya Ulaya.

Karavati la Mai Mahiu

Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliporomoka kwa ghafla katika eneo la Mai Mahiu, nchini Kenya, yakaua watu wapatao 50 au zaidi waliokuwa wamelala. Taarifa za mwanzo zilisema bwawa limepasuka. Baadaye ilielezwa kwamba njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na magogo, mawe na udongo, maji yakajikusanya nyuma yake, kisha tuta likaachia.

Hakuna modeli ya tabianchi, iwe ya kilomita 100 au ya mita 100, yenye karavati lililoziba ndani yake. Jambo hilo husahaulika katika mijadala ya teknolojia. Mto wa mjini haufuati mteremko peke yake. Unafuata pia taka zilizojaa mtaroni, ukuta wa jirani, na kifusi kilichomwagwa usiku ili kiwanja kipatikane.

Dar es Salaam ilijaribu kulijibu hilo kwa njia yake. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa kata husika, walipita mtaa kwa mtaa wakiandika kila nyumba, kila mtaro na kila kichochoro, na kuwauliza wazee maji ya mwaka gani yalifika wapi ukutani. Ramani za miinuko zitokanazo na setilaiti zinaweza kukosea kwa mita kadhaa kwenda juu. Katika Tandale au Kigogo, mita moja ndiyo tofauti kati ya maji ya kifundo cha mguu na maji ya kifuani. Alama ya tope iliyobaki ukutani haikosei kiasi hicho.

Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa Dola za Marekani milioni 200 mwaka 2022, unategemea hesabu za namna hii. Unahusisha kupanua na kuelekeza mto, kuinua daraja la Jangwani na kuondoa karakana ya mabasi katika uwanda wa mafuriko. Unahusisha pia kuwahamisha watu. Na hapo ndipo tarakimu za kompyuta zinapogeuka kuwa mstari juu ya ramani, na mstari kuwa alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa nyumba.

Historia inawapa wakazi sababu ya kuuliza maswali. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, Serikali iliwahamisha wakazi wa bonde la Rufiji kwenda sehemu za juu kwa ajili ya usalama wao na huduma. Lakini Warufiji walikuwa wakiishi na mto huo kwa hesabu yao wenyewe; maji yalipopungua walipanda mazao ya mlau katika ardhi iliyobaki na unyevu na rutuba. Wengi waliendelea kurudi bondeni kulima. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, yaliyoua watu zaidi ya 40 na kuletwa na mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema ni kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954, waathirika walipewa viwanja Mabwepande. Wapo waliokwenda wakakaa, na wapo waliorudi kwa sababu kazi, soko na shule vilibaki mjini.

Mtu wa namna hiyo anapoambiwa kwamba modeli imeonyesha nyumba yake iko hatarini, ana haki ya kuuliza: modeli ipi, yenye mraba wa ukubwa gani, iliyoendeshwa mara ngapi, na iliyopimwa kwa mvua ya kituo kipi? Haya si maswali ya kuikwamisha Serikali. Ni yale yale ambayo mkopeshaji huuliza kabla hajatoa fedha, na hujibiwa kwa kurasa nyingi. Mkazi hujibiwa kwa mkutano mmoja wa hadhara.

Hata hivyo, shaka ya modeli haiwezi kuwa kisingizio cha kubaki bondeni milele, wala cha kuwaruhusu wenye uwezo waendelee kujaza vifusi huku wanyonge wakivunjiwa. Katika jambo moja modeli zote, za miraba mikubwa na midogo, zinakubaliana: mvua za saa chache zitakuwa na nguvu zaidi kuliko zile ambazo mitaro ya jiji ilijengwa kuzipitisha. Kwamba Jangwani ni uwanda wa mafuriko kulijulikana kabla kompyuta haijaingia nchini.

Rufiji nako kumeongezeka kitu kipya ambacho modeli za zamani hazikuwa nacho. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mafuriko ya 2024 yalipozikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, mjadala ulizuka iwapo bwawa liliyazidisha au liliyapunguza. Serikali ilisimamia upande wa kwamba lilisaidia kuyazuia. Mjadala wa aina hiyo hauwezi kumalizwa kwa maneno. Unamalizwa na modeli ya mto yenye bwawa ndani yake, ikiendeshwa mara mbili, mara moja na bwawa na mara moja bila bwawa, kwa mvua ile ile, na matokeo yakawekwa hadharani pamoja na kumbukumbu za maji yaliyofunguliwa kila siku. Kazi hiyo haihitaji kompyuta ya Uingereza.

Tahadhari na masikio

Kuna tofauti ya kukumbukwa kati ya makadirio ya miaka ya 2060 na tahadhari ya kesho asubuhi, ingawa mitambo ni ya ukoo mmoja. Mfumo wa Ulaya wa kutoa tahadhari za mafuriko duniani, GloFAS, ulishuka mwaka 2023 kutoka mraba wa kilomita 10 hivi hadi kilomita tano. Mwaka 2024 watafiti wa kampuni ya Google walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya modeli ya akili bandia ambayo, walisema, inatabiri mafuriko makubwa siku tano kabla kwa ubora unaolingana na ule wa mifumo iliyopo ikieleza hali ya siku hiyo hiyo, na kwamba nafuu hiyo inaonekana hata katika mito ya Afrika isiyo na vipimo.

Ni habari njema, na ni haki ya mamlaka za kanda hii kuzipima wenyewe kabla ya kuziamini. Lakini Ujerumani ilikuwa na vipimo, rada na kompyuta za kutosha Julai 2021. Mfumo wa Ulaya ulikuwa umetoa tahadhari siku kadhaa kabla, na bado zaidi ya watu 180 walikufa nchini humo, wengi wao katika bonde la Mto Ahr, usiku, wakiwa majumbani mwao. Tahadhari zilifika katika ofisi. Hazikufika zote katika vyumba vya kulala.

Ulaya yenyewe haijasimama hapo. Mwezi Juni 2024 Umoja wa Ulaya ulizindua mpango wa Destination Earth, unaotumia kompyuta kubwa kama ile ya LUMI iliyoko Kajaani, Finland, kuiga tabianchi ya dunia nzima kwa miraba ya kilomita tano hivi. Afrika Mashariki imo ndani ya miraba hiyo. Swali litakuwa nani katika kanda hii ana mtandao wa kuzipakua takwimu hizo, mahali pa kuzihifadhi, na vijana waliofundishwa kuzisoma. Kituo cha IGAD cha Utabiri wa Tabianchi, ICPAC, kilichopo karibu na Nairobi, kina kompyuta yake ya kazi hiyo na wataalamu wa nchi wanachama, na Tanzania hushiriki katika mikutano yake ya utabiri wa misimu. Vyuo vikuu vya kanda vina wanahaidrolojia wazuri. Wengi wao hufanya kazi kwa mikataba ya miradi ya miaka mitatu mitatu. Mradi ukiisha, mtu anaondoka, na modeli hubaki katika kompyuta ambayo nenosiri lake analijua yeye.

Mitaro iliyopimwa na wanafunzi wa Ramani Huria mwaka 2015 nayo imebadilika tangu wakati huo. Mingine imejengewa, mingine imepanuliwa, mingine imejaa mchanga hadi juu. Kuipima upya kunahitaji futi kamba, simu ya mkononi, na posho ya nauli na chakula cha mchana kwa vijana wachache katika kila kata, kabla ya masika.